Mtani Aliyepewa Kiti

Nyumbani kwa Martina kuna kiti kimoja tu chenye mgongo na mikono. Kiti hicho hakikaliwi ovyo. Hukikalia padre akija kubariki nyumba, hukikalia katekista siku ya jumuiya, hukikalia mgeni aliyetoka mbali. Josephina hakuwahi kukikalia. Yeye alikuwa akiingia bila hodi, anafunua sufuria, anaonja kwa kidole, na hapo ndipo anapomkumbuka mwenye nyumba.

"Bado hujafa wewe?"

"Nakungoja utangulie," Martina humjibu, "nikale wali wa msiba wako."

"Wali wangu utaupata wapi na hayo meno ya kuazima?"

Kisha anajikalia juu ya kuni, karibu na mafiga, na maneno yanaanza mpaka ugali unaungua.

Asiyejua angedhani wanagombana. Ukoo wa Martina na ukoo wa Josephina ni watani tangu bibi za bibi zao. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na utani unarithiwa kwa mama kama shamba linavyorithiwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakuchukulia kuku bandani, akakuvua kilemba njiani, na ukikasirika umeshindwa wewe. Lakini mtani huyo huyo ndiye atakayeshika jembe siku ya kukuzika. Ndiye atakayefagia kaburi lako. Na la ndani halitoi nje. Matusi ni yake, siri si yake. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wasichana wa Kilangala walipokuwa ndani unyagoni, na Martina na Josephina waliwekwa ndani msimu mmoja.

Kilangala ni kijiji cha mteremkoni. Lori la mboga linaishia chini darajani, kwingine kote ni mguu na kichwa. Martina analima kabichi na karoti kwenye matuta aliyoachiwa na mama yake, Agnesi, na Agnesi mwenyewe amelala hapo hapo juu ya shamba, chini ya mikahawa mizee iliyopandwa zamani za wamisionari. Mwenye shamba yuko shambani kwake. Martina huwa anasema hivyo, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Ni mwanamke wa kujisikia, tusifichane. Kusoma anasoma kitabu cha nyimbo kwa sababu nyimbo anazijua tayari. Lakini ukimwambia hajui jambo, atakuuliza wewe umelijua lini. Alimlea mjukuu wake Prisca tangu binti yake Regina alipofariki, na Regina alipokuwa anakata roho alisema neno moja tu kuhusu mtoto: "Mama, msimamie." Martina alimsimamia kwa uji, kwa sare za shule, kwa homa. Sasa ilikuwa imebaki kumsimamia kwa kweli, kanisani. Askofu alikuwa anakuja parokiani kutoa kipaimara, na Prisca alikuwa ameandikisha jina la bibi yake kuwa msimamizi. Siku hiyo msimamizi husimama nyuma ya mtoto, anaweka mkono wa kulia begani kwake, na askofu anampaka mtoto mafuta ya krisma. Martina aliuwaza mkono huo hata akiwa anapalilia. Aliwaza aukate kucha namna gani.

Jumuiya yao, ya Mtakatifu Monika, inakutana Jumamosi nyumba kwa nyumba. Wanasali rozari, wanasoma somo, halafu wanaulizana. Hapo ndipo penye utamu. Fransisko, mwenyekiti, mzee mwenye kofia ya sufu asiyoivua mpaka jina la Yesu litajwe, aliwahi kuuliza: "Hivi toharani kuna moto kweli? Maana sisi wa mlimani na baridi hii, si tutaona ni raha tu?" Walicheka mpaka rozari ikaahirishwa. Siku nyingine walibishana kama mbwa wa Fransisko, aliyemfukuza mwizi wa karoti, ana lolote mbinguni. Katekista Raphael, kijana kutoka kanda ya Ziwa aliyeletwa kigangoni, kanisa dogo la kijiji, mwaka uliopita, aliwajibu kwa upole, anafungua Biblia kwenye simu, anasoma, anaeleza. Walimpenda. Alikuwa mtu wa dini hasa, wala hakuwa na makuu. Ila alikuwa mgeni, na mgeni hajui kila mlango wa nyumba.

Sasa, masika ile kabichi za Martina zilioza. Zilioza zikiwa bado changa, ukizishika zinabaki mkononi kama uji. Akapanda tena, zikaoza tena. Josephina alikuja, akasimama juu ya tuta, akashika kiuno.

"Mama yako ana kiu," alisema.

"Mama yangu anaombewa Misa kila mwaka."

"Misa anaisikia. Kiu ni kiu. Umemfagilia lini? Nyasi zimefika hapa. Ningekuwa mimi ningeozesha mpaka na wewe mwenyewe."

Martina hakukubali haraka. Lakini usiku na mchana neno likamkaa. Basi alipika pombe ya mahindi kidogo, wakapanda kaburini wao wawili asubuhi moja yenye ukungu. Josephina akafagia kaburi, maana kaburi halifagiwi ila na mtani. Akamtukana marehemu kama ilivyo desturi, akamwambia, "Agnesi mchoyo wewe, umelala unakoroma, mtoto wako anakula majani." Akaonja pombe kwanza, maana mtani ndiye huonja kwanza. Alionja sana. Kisha Martina akamwaga iliyobaki na unga kidogo, akasema, "Mama, nimekuja. Usinisahau. Na kabichi zangu uziangalie." Wakamaliza kwa Baba Yetu na Salamu Maria, wakaimba na "Raha ya milele uwape", wakashuka wanacheka.

Kabichi safari ile zilitoka nzuri. Martina hakusema ni mama, wala hakusema ni dawa ya ukungu aliyoletewa kutoka mjini na Maimuna, jirani yake Mwislamu anayempelekea mboga soko la Morogoro. Alizikata akazifunga, basi.

Mwezi wa marehemu ulipokaribia, jumuiya ilikutana kwa Martina. Katekista alikalia kile kiti. Josephina alikaa mkekani mbele na kitenge chake kipya cha akina mama, maana alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, na yeye ndiye atakayempelekea askofu vipaji vya sadaka altareni. Somo lilikuwa ushirika wa watakatifu. Martina akanyoosha mkono.

"Katekista, kila Jumapili tunasema tunasadiki ushirika wa watakatifu. Na mama yangu yumo?"

"Kama alikufa katika neema ya Mungu, yumo, mama. Hata kama bado anatakaswa, yumo."

"Basi nikimwambia neno, analisikia?"

Katekista aliinamisha kichwa akifikiri. Kabla hajafungua mdomo, Josephina alidaka.

"Atalisikiaje, na bado amelewa pombe aliyomwagiwa kaburini?"

Nyumba nzima ilicheka. Martina naye alicheka, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu, la kumwangusha mtani chali: *kalewa kidogo, nyingi ulikunywa wewe.* Alikuwa anavuta pumzi alitoe. Ndipo akamwona katekista. Katekista hakuwa anacheka.

"Mama Josephina," alisema taratibu, "huo ni utani, au ni jambo lililotendeka?"

Mlango ulikuwa huo, wazi. Neno moja tu, *utani*, na katekista angetikisa kichwa akaendelea na somo. Josephina alikuwa ameyatoa maneno yale bila ubaya. Mtani hutoa maneno kama kuku anavyotoa kinyesi, hachagui pa kuyaacha. Mpaka hapo hakuna aliyekosa. Martina alimtazama, akamngoja. Josephina aliishika rozari yake kwa mikono yote miwili, akatazama kitenge chake kipya.

"Mimi nilikuwa napita tu njiani," alisema. "Nikamwona anamwaga."

"Ulimwona nani?"

"Huyu. Martina."

"Wewe hukuwepo?"

"Nimesema nilikuwa napita."

Na hapa ndipo penyewe, msomaji, ushike vizuri. Watu waliokaa kwenye mikeka ile ni Waluguru, wamezaliwa pale, wamezika pale. Kila mmoja wao alijua kwamba kaburi la Agnesi haliwezi kufagiwa bila mtani, na kila mmoja alijua mtani wa Martina ni nani. Kusema Martina alitambika peke yake ni kama kusema mtu kajinyoa kisogo. Fransisko alivua kofia ingawa jina la Yesu halikutajwa, akaanza kuikagua ndani kama kuna chawa. Wengine walitafuta ukurasa kwenye vitabu vya nyimbo. Aliyekuwa hajui ni katekista peke yake.

Martina alilimeza jibu lake. Lilishuka vibaya, kama mfupa wa samaki. Akasimama, akagawa chai, na Josephina akapokea kikombe chake bila kuinua macho.

Siku ya pili katekista alirudi peke yake.

"Mama, jambo hili si gumu," alisema. "Kaungame kwa paroko. Halafu useme mbele ya jumuiya kwamba uliteleza. Askofu atakukuta uko sawa, utasimama na mjukuu wako."

"Niliteleza wapi?"

"Marehemu hapewi pombe, mama. Tunamwombea kwa Mungu. Ukimlisha umemfanya mzimu."

"Na maua mnayowapelekea makaburini, wanayanusa?"

"Maua ni upendo. Hatuyapeleki tupewe kitu." Akamgeukia. "Wewe, mama, ulimwomba kabichi."

Hapo Martina alikwama. Kijana alikuwa amempata, na yeye si mwongo wa kukataa alichokisema kwa kinywa chake. Aliwaza kidogo, akakunja khanga magotini.

"La kabichi nitaliungama," alisema. "Kweli, pale niliomba kama mtu wa dukani. Lakini kwenda kumsalimia mama yangu na kumfagilia, hilo siliungami, hata aje Papa. Na mbele ya jumuiya sisemi kitu. Jumuiya ile ilijua ikanyamaza."

"Ilijua nini?"

Katekista alimtazama kwa macho ya kuuliza kweli. Neno moja lilitosha. Angemwambia tu, *katekista, uliza kwetu kaburi linafagiwa na nani.* Martina alilitazama neno hilo, akaliona limefanana na lile la Josephina, limevaa nguo ile ile.

"Kunywa chai, baba," alisema. "Inapoa."

Ukaidi huo watu wameusema sana, na wengine wanausema mpaka leo. Maimuna alipokuja kuchukua karoti alitua tenga, akasema, "Bibi Martina, nyie watu wa kanisani mna mambo. Sisi tukisoma hitima tunakula biriani wote, wala hatuulizani nani kapika."

"Nyie mnajificha vizuri," Martina alimjibu.

"Tunajificha, ndiyo. Lakini hatumsukumi mwenzetu nje tupate nafasi ya kujificha."

Martina alimwambia achague karoti aache maneno. Lakini yale maneno yalibaki pale kwenye karai la karoti, pamoja na udongo.

Aliyemwuma zaidi alikuwa Prisca. Mtoto alirudi kutoka mafundisho, akaweka daftari, akakaa pale juu ya kuni, mahali pa Josephina.

"Bibi, sema tu."

"Niseme nini?"

"Kwamba na Bibi Josephina alikuwepo. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, mimi nimwambie nani?"

"Katekista hajui."

"Basi katekista amezungukwa na watu wengi wanaojua. Mmoja wao na ajitokeze. Mimi siwi wa kwanza kutaja mtu mlimani hapa."

"Kwa hiyo mimi nitasimamiwa na nani?" Prisca alilia. Martina alimkuna kichwa, akamsuka upya nywele ambazo hazikuwa zimefumuka.

Kuungama alikwenda. Aliteremka hadi parokiani kwa miguu, akapiga magoti, akaungama kabichi. Paroko akamwuliza na lile la kutambika, Martina akasema lile si dhambi. Paroko naye alikuwa mtu mzima, hakugomba. Alimwambia arudi akafikiri, na mpaka atakapofikiri asipokee Komunyo wala asisimame kama msimamizi. Martina alifikiri njia nzima ya kurudi, na kupanda mlima ni njia ndefu ya kufikiri. Alipofika juu alikuwa amefikia pale pale alipoanzia.

Fransisko ndiye aliyeleta habari. Hakutaka kuingia ndani, alizungumza na kizingiti.

"Wazee wa kigango wamekaa. Siku zimeisha, mtoto lazima awe na msimamizi. Wamemweka mama mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupi?"

"Josephina."

Martina alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Naye alisema nini?"

"Alisema, asikose mtoto."

"Na wewe, Fransisko, ulisema nini?"

Fransisko aliigeuza kofia. "Mimi ni mwenyekiti, Martina. Mwenyekiti huandika kilichosemwa."

"Nenda salama," alisema Martina. "Kofia yako haina chawa, nilikagua kwa mbali siku ile."

Hiyo ndiyo siku aliyoacha kumngoja Josephina. Maana mpaka hapo, tuseme kweli, alikuwa bado anamngoja. Kila jioni aliacha mlango bila komeo. Alijua mtani wake ni mwoga, na mwoga akipewa muda hurudi. Angeingia bila hodi, angefunua sufuria, angesema, "Nimekuponza, kinyesi wewe, twende wote kwa katekista." Hata asingehitaji kusema samahani. Watani hawana neno hilo.

Siku ya kipaimara kanisa la parokia lilijaa mpaka kwenye maua ya nje. Martina alivaa vizuri kuliko siku ya ndoa yake. Alisimama nyuma kabisa, kwenye nguzo, kiburi kikiwa kimemnyoosha mgongo. Gauni jeupe la Prisca alikuwa amelishonesha yeye, na viatu amenunua yeye. Watoto walipanga mstari, wasimamizi nyuma yao. Mkono wa Josephina ulikuwa begani kwa Prisca. Mkono ule ule ulioshika ufagio.

Askofu alimwuliza mtoto jina alilochagua. Prisca alikuwa hajamwambia mtu, hata bibi yake.

"Agnesi," alisema, kwa sauti ya kufika nguzoni.

Mkono wa Josephina uliruka kidogo, kama umegusa jiko, kisha ukarudi begani. Askofu akampaka krisma. Wakati wa Komunyo watu wote walitoka kwenye mabenchi, na Martina akabaki na nguzo yake. Mapema alimwona Josephina akipita na vipaji, na sasa alimwona akirudi na Ekaristi mdomoni, macho yamefumbwa. Kama yalifumbwa kwa sala au kwa kukwepa, Mungu ndiye ajuaye, na Martina alimwachia.

Jioni ile kulikuwa na pilau ya mchele wa Dakawa, Prisca alishangiliwa, watu wakatawanyika. Kesho yake, jua likiwa bado halijauvuka mlima, mlango ulisukumwa bila hodi. Josephina aliingia na bakuli la pilau limefunikwa kitambaa. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akachovya kidole.

"Bado hujafa wewe?"

Martina alisimama. Akajifuta mikono. Akakivuta kile kiti chenye mgongo, akakipangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akakiweka katikati ya chumba.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema. "Karibu, mama. Keti."

Josephina alicheka. "Ona zee hili. Pilau imekupanda kichwani na hujaila."

"Asante kwa pilau. Keti, mama, usisimame. Nyumbani hawajambo?"

"Martina."

"Chai unakunywa na sukari kiasi gani?"

Josephina alitazama kuni zake karibu na mafiga. Prisca alikuwa amezipanga upande wa pili, juu zimewekwa ndoo. Hapakuwa na pa kukaa ila kwenye kiti. Akakaa, kwenye ukingo, miguu imebanwa, kama mtu aliye ofisini. Martina alimletea kikombe cha wageni, chenye sahani chini yake. Alimwuliza habari za wajukuu, habari za mvua, habari za akina mama wa kigango. Alimjibu kila kitu kwa adabu. Josephina alirusha tusi moja, akarusha la pili, zito, lile la meno. Yote yaliangukia sakafuni, hakuna aliyeyaokota.

"Nitukane basi," alisema mwishowe. "Hata moja."

"Mgeni hatukanwi, mama."

"Niliogopa. Kitenge kile, askofu, watu wote... Nilidhani utajibu. Ungejibu kama kawaida yako, ingekuwa utani."

"Chai imepoa, nikuongeze?"

Josephina aliweka kikombe kwenye sahani, kikagonga. Halafu akauliza jambo ambalo mtu mzima haulizi bila kuwa amelifikiria kwa muda.

"Na siku ukifa, kaburi lako atafagia nani?"

Martina alichukua bakuli, akahamishia pilau kwenye sahani yake, akaliosha bakuli, akalikausha, akamrudishia likiwa na karoti ndani, maana chombo cha mgeni hakirudi kitupu.

"Watu hawakosekani," alisema. "Hata wapita njia wapo."

Akamsindikiza mpaka penye kona ya matuta, kama mgeni anavyosindikizwa. Wakaagana kwa mkono. Aliporudi alikirudisha kiti ukutani, akachukua ufagio, akapanda peke yake kule kwenye mikahawa, alikolala mama yake.